Kipimo kimesema hana malaria. Tabibu aandike nini?

Mleta mada (tabibu, zahanati ya kijijini, Morogoro)

Wadau, nina hoja, naomba tuijadili bila ushabiki. Kipimo cha haraka cha malaria kikitoa mstari mmoja, yaani vimelea hakuna, tabibu ana haki ya kuandika dawa ya mseto, ile ya malaria, kwa sababu tu "dalili zinaonyesha"? Mimi nasema hana. Na nasema hivyo nikiwa nimeshafanya kosa hilo mara nyingi, hata wiki iliyopita.

Kwa wasiojua: mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila mwenye homa apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria, hata mtoto wa chini ya miaka 5 ambaye zamani tulimpa dawa kwa kumgusa paji la uso tu. Miaka mitatu kabla ya hapo, utafiti uliofanyika hapa Tanzania ulishaonyesha kuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wasiokutwa na vimelea waliandikiwa dawa za malaria vilevile. Wawe wamepimwa kwa hadubini au kwa kipimo cha haraka, haikuleta tofauti. Mwaka 2014 ukatoka mwingine, wa watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara. Wenye malaria walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na sehemu kubwa ni virusi, ambavyo havitishiki na mseto wala antibiotiki kama amoksilini.

Sasa hiyo wiki iliyopita. Saa saba mchana, benchi limejaa, nesi wangu pekee yuko chumba cha uzazi. Mama ana mtoto wa mwaka na nusu, homa tangu juzi. Natoboa kidole, tunasubiri, mstari mmoja. Namwonyesha. Anakitazama kile kikaseti, ananitazama mimi, anasema: "Daktari, nimelipa bodaboda kuja na kurudi. Nirudi na panadol?" Mkono ukaandika mseto kabla kichwa hakijaamua.

Kwa hiyo msiniambie matabibu hawajui. Tunajua. Mwongozo umenieleza nisimpe nini, lakini yule mama aliniuliza atapewa nini.

Daktari mstaafu, Tanga

Kijana, mimi nilitibu wakati klorokwini, dawa ya malaria ya zamani, inashindwa, kabla nchi haijaiacha mwaka 2001. Mtoto asubuhi anacheza, jioni analetwa na degedege. Usinifundishe kuogopa kuandika dawa. Na hicho kipimo chenu mnakijua vizuri? Kinatafuta protini ya kimelea. Eritrea wamekuta vimelea visivyoitengeneza kabisa protini hiyo, mgonjwa anaumwa na kipimo kinasema mzima. Geuza upande wa pili: mtu amemaliza dozi, amepona, nacho kinaweza kuendelea kusema anayo wiki kadhaa. Kitu cha namna hiyo ndicho nikiweke juu ya macho yangu?

Mama wa watoto watatu, Geita

Mnajadiliana kana kwamba sisi hatumo humu. Kipimo mimi sikikatai. Nisichokubali ni kutazamwa dakika mbili. Mwanangu alipimwa, akaonekana hana malaria, nikapewa panadol, hakuna hata aliyemfunua kifua. Siku ya pili hospitali wakaniambia kichomi. Tangu hapo nikisikia "hana malaria", masikio yangu yanasikia "sijui anaumwa nini".

Muuzaji, duka la dawa muhimu

Mnamshambulia tabibu bure. Mkimnyima mgonjwa dawa kule anakuja kwangu, na mimi nikimnyima anavuka barabara.

Mtafiti, Dar es Salaam

Dada wa Geita ameshika penyewe. Mtoto asiye na malaria bado ana ugonjwa, na kosa la miaka mingi lilikuwa kuhama kutoka kumpa kila mtu dawa ya malaria kwenda kumpa kila mtu antibiotiki. Lakini kuna njia. Utafiti uliotoka 2017, watoto zaidi ya 3,000 hapa Dar, matabibu walitumia programu ya kwenye tableti, kipima oksijeni cha kidoleni na vipimo vichache vya damu. Walioandikiwa antibiotiki siku ya kwanza walikuwa kama asilimia 11. Wenzao waliotumia programu ya awali, isiyo na vifaa hivyo, walikuwa kama 30. Na watoto hawakudhurika: walioshindwa kupona walipungua kutoka asilimia 4 hadi 2 hivi.

Mleta mada

Mzee wangu daktari, shikamoo. Nakubali kipimo si msahafu. Lakini macho nayo yalishapimwa, na ule utafiti wa 2007 ndio majibu yake.

Mtafiti, hicho kipima oksijeni nakitaka hata kesho. Wasiwasi wangu ni kwamba vifaa vya mradi huja na gari la mradi na huondoka nalo. Na hata vikibaki, wakija watu wa usimamizi shirikishi wanafungua kitabu cha MTUHA, yaani rejesta ya wagonjwa, wanatazama ugonjwa na dawa. Hakuna safu ya kuandika "nimekaa na mama dakika tano nikamweleza".

Dada wa Geita, umenigusa pabaya. Tangu juzi nimeanza kumvua kila mtoto mwenye kikohozi shati na kuhesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya ukutani. Mwenye miezi 2 hadi 11, pumzi 50 na kuendelea ni nyingi, wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka 5 ni 40. Dakika nzima benchi likiwa limejaa ni ndefu jamani! Mtoto akilia unaanza upya, na watu mlangoni wanaguna. Ila nimeona mama akinitazama nahesabu hadai sana dawa. Labda ni siku tatu tu, sijui.

Yule mtoto wa bodaboda alirudi Alhamisi, homa imeshuka, anatafuna muwa. Mama yake akanishika mkono: "Ahsante kwa ile mseto, daktari. Kipimo chako kilidanganya." Yalikuwa mafua tu. Nikasema karibu tena, nikaita anayefuata.