Naomba ushauri: mdogo wangu amekwama Mambo ya Walawi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mdogo wangu alikunywa gongo miaka sita. Mwezi wa pili, kwenye msiba wa shangazi, mchungaji alisoma Warumi 13:13, pale Paulo anapokataza ulafi na ulevi. Mdogo wangu akatoka nje akalia. Tangu siku hiyo hajagusa pombe. Baadaye nikasoma kwamba maneno hayo hayo ndiyo yaliyomgeuza Augustino, yule mwalimu wa Kanisa la kale, kule Milano, Italia, mwaka 386, mwili ukanisisimka.

Sasa ameanza Biblia toka Mwanzo, amefika Walawi 13, sheria za ukoma. Juzi usiku nimemkuta kidole kiko kwenye mstari, machozi yanamlenga: "Dada, sielewi kitu. Labda Mungu kaninyamazia." Naogopa akikata tamaa atarudi kilabuni.

Nimwambie aruke aende Injili ya Marko, yenye sura 16 tu? Au Zaburi? Mama anasema kuruka ni kulidharau Neno. Mimi sioni hivyo, ila kumpinga naogopa.

Mliowahi kusoma Neno na mtu aliyetoka kwenye pombe, mlianzia wapi? Mlikaa naye kila siku, au mlimwachia nafasi?