Ford Model T: kufunga ekseli ya Ruckstell, inafaa?

Wakuu habari, nipo huku Marekani nina Model T ya 1924, gia ni mbili tu za kwenda mbele, sasa mlimani gia kubwa inazimika na ile ndogo lazima nikanyage pedali muda wote mpaka mguu unakufa ganzi. Nimepata Ruckstell ya zamani (ekseli ya nyuma yenye gia mbili ndani yake), nifunge au nipotezee?

Jibu 1: Funga mkuu, hiyo kitu Ford wenyewe waliikubali na madila wao walikuwa wanaiuza miaka ya 1920. Unapata gia ya katikati, mlimani raha.

Jibu 2: Ila breki kwanza jamani!! Breki ya pedali ya T ipo kwenye giaboksi na inapitia propela shafti, sasa Ruckstell ikikwama nyutro ukiwa kwenye mteremko, shafti inaachana na magurudumu na breki ya pedali huna, inabaki hendibreki tu ambayo nayo ni ya kuegeshea. Weka breki za nje kwenye madramu ya nyuma.

Jibu 3: Na ukishaifungua difu toa zile washa (ringi bapa) za babiti, yaani za chuma laini, zinapasuka, weka za bronzi.

Muulizaji: Poa wakuu, breki naagiza kwanza.