Naomba ushauri: vitendawili vya kusaka hazina bustani ya Stowe

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Tunaishi Milton Keynes, Uingereza. Mwezi ujao nawapeleka watoto 12 wa jumuiya yetu, miaka 7 hadi 13, wakasake hazina Stowe, ile bustani ya kale ya Buckinghamshire ambako Capability Brown, yule mbunifu maarufu wa bustani, alianza kazi mwaka 1741. Kila kituo nataka kifunguliwe kwa kitendawili cha Kiswahili, maana lugha inawaponyoka hawa watoto na inaniuma.

Kuna ukuta kando ya maji wenye sanamu za vichwa 16 vya Waingereza mashuhuri, Shakespeare na Newton wakiwemo. Mwanamke ni Malkia Elizabeth wa Kwanza peke yake. Hapo nimetega: "Kaka kumi na tano, dada mmoja, wote hawana miguu." Nyuma ya ukuta huo kuna maandishi ya kumsifu Signor Fido, rafiki mwaminifu, mwishoni kabisa ndipo unagundua alikuwa mbwa. Watoto watapapenda sana hapo!

Nimejaribu na wapwa zangu wawili. Mkubwa alijibu sijamaliza kusoma, mdogo akabaki kunishika mkono tu, kimya. Nikaandika kwa lugha zote mbili, wakasoma Kiingereza pekee.

Naomba mnisaidie mawili. Niwagawe kwa umri, au kila kundi liwe na wakubwa na wadogo? Na je, kwenu kuna kitendawili ambacho jibu lake ni mbwa?

Natanguliza shukrani.