Mume kapotea: Mshafi anaweza kufuata Maliki?

BintiTanga: Assalaam alaykum wakuu. Matusi sitaki. Sisi huku ni Mashafi, wa madhehebu ya Imam Shafii, tangu mababu. Je, mtu akikwama kwenye jambo moja tu, anaruhusiwa kushika hukumu ya madhehebu ya Maliki? Ni haraka.

MzeeKanzu: Waalaykum salaam. Sultani Baybars mwaka 1265 aliweka makadhi wakuu wanne Cairo, kila madhehebu na wake, maana kadhi mkuu wa Kishafi alikuwa anagoma kupitisha hukumu za wenzake. Tangu hapo watu walijua kesi gani ipelekwe kwa nani.

Kobe: Kumbe kuulizia bei duka kwa duka kulianza kitambo 😂

FundiSaa: Jambo lenyewe lipi? Tusijibu hewani.

BintiTanga: Haya. Mume wangu alipanda meli ya mizigo, huu mwaka wa nne sijui alipo. Kwa Maliki mke husubiri miaka minne, kisha eda ya miezi minne na siku kumi, basi. Kwetu eti nisubiri mpaka kifo kithibitike. Nina miaka 29 jamani.

MamaK: Pole mwanangu. Shangazi yangu alimsubiri wake, akarudi na mke mwingine na watoto wawili. Akapikiwa pilau! Ile pilau inanikera mpaka leo.

Ustadhi: Imam Shafii mwenyewe alipokuwa Iraq alisema miaka minne, kama ilivyopokewa kwa khalifa Umar bin Khattab. Alipohamia Misri akabadili kauli, na ndiyo tunayoishika. Halafu kwa Wamaliki hiyo minne huhesabiwa baada ya kadhi kumtafuta akamkosa. Hawahesabu tangu siku aliyoaga.

Kobe: Minne kamili, kama kitabuni? Hii chai. Mwanachuo huyu, kesho ana mtihani wa fiqhi.

MamaK: Na mimi nashangaa. Kisa hakina wifi wala mama mkwe?

BintiTanga: Sio chai! Mama mkwe ndiye aliyesema mwaka jana kapiga simu yuko Durban. Mimi hakunipigia, kwa hiyo kwangu kapotea.

FundiSaa: Ahaa.

Ustadhi: Dada, huyo hajapotea. Yuko hai, kakutelekeza. Achana na miaka minne, kamshitaki kwa kadhi kwa kukosa matumizi. Huko Sham, yaani Syria, enzi za Waturuki, makadhi wa Kihanafi, madhehebu mengine kati ya yale manne, waliwapeleka wanawake kama wewe kwa naibu wa Kishafi ndiye avunje ndoa. Unakimbia madhehebu waliyokimbilia wenzio.

BintiTanga: Posa nimeshapokea. Wazee wake wamekula kwetu, mahari Ijumaa. Nirudishe maneno?

Ustadhi: Bila kadhi kuivunja ile ya kwanza, hakuna imamu kati ya wanne atakayekufungishia.

MamaK: Anayekuposa anajua habari za Durban?

BintiTanga: Hilo sikuja kuliuliza.

Kobe: Sasa Ijumaa tuje au tusije?