Chama cha wafanyakazi kimewekwa na HR: tunajitoaje kabla ya Ijumaa?

Zamu ya Usiku:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wa haraka, usingizi sipati. Kiwanda chetu ni cha vifungashio, kipo Dar, tuko waajiriwa 140 ukiwatoa mameneja. Tangu Machi wote tunakatwa asilimia 2 ya mshahara, kwenye slipu imeandikwa "ada ya chama". Waliojaza fomu ni 64 tu. Uchaguzi wa tawi ulifanyika kantini saa ya chakula: HR akasoma majina matatu, watu wakapiga makofi huku vijiko viko mdomoni, kwisha. Sasa kuna mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, unasainiwa Ijumaa. Nyongeza sh 5,000 kwa mwezi, halafu miaka 3 hakuna kudai tena. Wenzetu wakitaka kujitoa wafuate hatua gani?

Mama Tenga:
Mwanangu, mshukuru Mungu una slipu. Kuna vijana wana digrii wanashinda juani na bahasha za kaki.

Chumvi Nyingi:
HR kuchagua viongozi wa wafanyakazi ni fisi kukabidhiwa bucha, tena kaongezewa na mizani 😂

Kifungu kwa Kifungu:
Twende kwenye sheria, ile ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004.

Makato kwanza. Kifungu cha 61 kinamruhusu mwajiri kukata ada ikiwa mfanyakazi ameidhinisha kwa fomu, ile TUF 6. Kila mmoja aombe kwa maandishi nakala ya TUF 6 yenye sahihi yake. Wale 76 hawatapewa, kwa sababu haipo, na barua isiyojibiwa nayo ni ushahidi.

HR atajitetea kwamba asiye mwanachama anakatwa ada ya uwakala, yaani ya kulipia chama kinachomsemea, kifungu cha 72. Hapo mtegeeni. Uwakala unahitaji makubaliano na chama kilichotambuliwa, na chama kinatambuliwa kikiwa na wanachama walio wengi kwenye kundi la wafanyakazi kinalolijadilia. Kwa watu 140 ni 71, sio 64. Tena fedha ya uwakala inakaa kwenye akaunti yake peke yake. Ikiwa slipu za wote 140 zinasema "ada ya chama", basi hata huo uwakala haukufanyika.

Waliojaza fomu wanajitoa kwa notisi ya mwezi mmoja, kwa maandishi, kwa mwajiri NA kwa chama. Wengi hukosea hapa: wanapeleka kwa HR peke yake, au wanaandika barua moja yenye majina 40. Idhini ilitolewa na mtu mmoja mmoja, na kuifuta ni hivyohivyo. Nakala igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe.

Babu wa Stesheni:
Haya mambo si mageni nchi hii. Maasi ya jeshi ya Januari 1964 yalipopita, TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha nchi nzima, kwa sheria. Katibu Mkuu wake anateuliwa na Rais, na wa kwanza, Michael Kamaliza, ndiye huyohuyo Waziri wa Kazi. Asubuhi waziri, mchana mtetezi wa mfanyakazi. Ikairithi JUWATA chini ya CCM, mpaka ikaja OTTU mwaka 1991.

Chumvi Nyingi:
Babu, ile ilikuwa serikali. Huyu anaulizia mwajiri.

Babu wa Stesheni:
Baada ya Azimio la Arusha, mabenki, viwanda na mashamba mengi vilikuwa vya nani?

Mwana Tawi:
Turudi kwenye uzi. Tofautisheni tawi na chama. Mara nyingi chama chenyewe ni cha kitaifa na kimesajiliwa vizuri, kilichotekwa ni tawi. Hapo dawa ni kuandika ofisi ya kanda ya chama, kuomba uchaguzi urudiwe kwa mujibu wa katiba yao. Kukimbilia kuanzisha kipya ni safari: mkutano wa waajiriwa wasiopungua 20, orodha ya mahudhurio, muhtasari, katiba iliyothibitishwa, ndipo Msajili wa vyama. Ni rahisi zaidi kuhamia chama kingine kilichosajiliwa.

Ila mtoa mada nina swali. TUF 6 zinakaa kwa HR na kwa uongozi wa tawi. Hiyo 64 umeihesabu wapi?

Zamu ya Usiku:
Namba nimeipata tu, mkuu. Tujadili hatua.

Mwana Tawi:
Na masharti ya mkataba ambao haujasainiwa umeyapata tu?

Zamu ya Usiku:
Sawa. Mimi ndiye katibu wa tawi. Sikuomba, jina langu lilisomwa kama mengine. Napewa posho ya sh 120,000 kwa mwezi, inapitia kwenye slipu kama "uratibu". Nina watoto wawili shule, msinihukumu. Mpango wangu ni huu: Ijumaa nasaini ili wasinishtukie, halafu taratibu nawasaidia watu kujitoa. Nadhani ni busara kuliko kugoma wazi.

Mama Tenga:
Astaghfirullah. Unakula na huku na huku.

Chumvi Nyingi:
Wakuu, hii chai, tena haina hata tangawizi. Sheria inataka wawakilishi 10 tawi likiwa na wanachama 21 hadi 100. Yeye ana watatu. Katibu gani hajui hilo? Huyu ni HR mwenyewe, kaja kuonja wafanyakazi wanajua kiasi gani ili Ijumaa azibe matundu. Kifungu, umemwandalia majibu bure.

Zamu ya Usiku:
Ningekuwa HR ningekuja kuanika kwamba tunakata watu 76 bila fomu? Watatu ni kwa sababu tuliambiwa watatu wanatosha.

Kifungu kwa Kifungu:
Awe HR, awe katibu, sheria ni ileile, na HR akiisoma huenda akaacha kukata.

Mpango wako una shimo. Soma kifungu cha 71. Mkataba wa hali bora unafunga tangu sahihi ya mwisho, isipokuwa wenyewe useme vinginevyo. Unamfunga mwanachama, na hata aliyejitoa baadaye bado umemshika. Chama kikiwa kimetambuliwa kama wakala pekee, yaani msemaji wa wafanyakazi wote, unawafunga na wasio wanachama. Kwa hiyo ukisaini Ijumaa halafu Jumatatu ukagawa barua za kujitoa, watu watatoka kwenye ada lakini sh 5,000 na ile miaka 3 vinabaki nao.

Posho nayo usiichanganye na ruhusa. Mwakilishi kupewa muda wenye malipo kwa shughuli za chama ni halali. Fedha ya kila mwezi kutoka kwa mwajiri ni kitu kingine. Kifungu cha 46 kinataka chama kiwe huru dhidi ya mwajiri, na Mkataba Na. 98 wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, ambao nchi hii iliuridhia mwaka 1962, unakataza mwajiri kukitegemeza chama kwa fedha ili akiweke mkononi. Slipu yenye "uratibu" ni ushahidi dhidi yao, na dhidi yako pia.

Mwana Tawi:
Kesho andika kanda ya chama: wanachama 64 kati ya 140, wawakilishi 3 badala ya 10, rasimu haikusomwa kwa wanachama. Omba usainishaji usimame. Nakala kwa Afisa Kazi. Wale 76 wajaze fomu F1 kule CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa madai ya makato. Ukomo ni siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, waliochelewa waombe kwanza kuongezewa muda. Ukifukuzwa, ukomo ni siku 30, usihesabu vibaya.

Chumvi Nyingi:
Kama si HR, tuambie rasimu inasemaje kuhusu kusitisha mkataba.

Zamu ya Usiku:
Nimeipitia yote, kurasa 6. Kusitisha hakutajwi.

Kifungu kwa Kifungu:
Rasimu ikinyamaza, upande wowote unaweza kusitisha kwa notisi ya muda unaofaa. Lakini upande wa wafanyakazi hapo ni chama, na kwenye tawi ni ninyi watatu. Ijumaa ni saa ngapi?

Zamu ya Usiku:
Saa nane mchana, kantini.

Mwana Tawi:
Basi barua ya kanda ifike Alhamisi kabla ya saa tisa, wapige muhuri. Nyingine ibaki nyumbani, usiiache kabatini kazini.