Ushauri: Kumpeleka mama kuona sili wa Donna Nook mwishoni mwa Novemba

Binti Pangani:
Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, amekuja kututembelea hapa Leicester, Uingereza, na atarejea Pangani katikati ya Desemba. Amezaliwa pwani na habari za nguva amezisikia tangu utotoni, lakini sili, mnyama mwingine wa baharini anayenyonyesha, hajapata kumwona, na tangu mwanangu wa miaka mitano amwoneshe picha za watoto wa sili wenye manyoya meupe, nyumbani hatuna mazungumzo mengine. Ninafikiria kuwapeleka hifadhi ya Donna Nook, Lincolnshire, Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Baridi inanitia hofu, kwa kuwa mama hata ndani ya nyumba havui shali. Linalonikosesha raha zaidi, hata hivyo, ni hili: nisingependa matembezi yetu yawe sababu ya mtoto wa sili kutelekezwa. Je, twende au tuache?

Baba Salma:
Mfikishie mama shikamoo yangu, dada. Nendeni, na msiahirishe, kwa sababu ikifika Januari wengi huwa wamekwisha kurudi Bahari ya Kaskazini. Sili wa kijivu hupanda pwani ile kuanzia mwishoni mwa Oktoba, na katika miaka ya karibuni huzaliwa pale watoto zaidi ya 2,000 kila msimu. Ila badilisha siku. Mwisho wa juma watu husongamana kwenye uzio unaowatenga watazamaji na sili, na mtu mzima hapati nafasi ya kusimama kwa utulivu. Ukipata ruhusa kazini siku ya Jumanne au Jumatano, utanishukuru. Fikeni asubuhi, kwa kuwa jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Mama avae buti zisizopitisha maji, kwani njia iliyo chini ya vilima vya mchanga huwa na tope.

Mama Tunu:
Mdogo wangu, hofu yako ina msingi, nami nimeona kwa macho yangu kinachoweza kutokea. Mwaka mmoja mtu aliyebeba kamera aliushuka mchanga wa wazi, mbali na uzio, akasogelea jike lililokuwa limezaa muda si mrefu. Jike likakimbilia majini, kitoto kikabaki kinalia sauti ya mtoto mchanga kabisa, ngozi imekilegea kama nguo ya kuazima. Sikusubiri kuona mwisho wake. Mama sili humtambua mwanawe kwa harufu na sauti, na akifukuzwa kabla hawajazoeana, huenda asirudi tena. Kitoto huzaliwa kikiwa na takriban kilo 14 tu, kisha hunyonya kwa wiki tatu hivi maziwa ambayo nusu yake au zaidi ni mafuta, huku mama hali chochote. Siku moja ya kukosa ziwa ni hasara kubwa kwake. Kwa hiyo nendeni, lakini msitoke nyuma ya uzio, hata mkiwaona wengine wanatoka. Mwanao asipitishe mkono, hata kama kitoto kimelala hatua moja tu kutoka kwake, na mbwa abaki nyumbani.

Nahodha Mstaafu:
Naongeza jambo moja. Eneo hilo pia ni uwanja wa mazoezi wa jeshi la anga la Uingereza, kwa hiyo ndege za kivita zikipita, mwambieni bibi mapema asije akashtuka. Sili wenyewe wamezizoea kuliko wanavyomzoea mtu anayetembea. Na akiuliza kama huyu ni nguva, mwelezeni kwamba nguva hula nyasi za bahari na huzaa na kunyonyesha majini, ilhali sili hula samaki na hulazimika kupanda nchi kavu ili azae, na ndiyo maana wakati huu mmoja wa mwaka binadamu anaweza kumdhuru kwa urahisi.

Binti Pangani:
Nawashukuru sana, Baba Salma, dada Tunu na mzee wangu Nahodha. Nimeomba ruhusa ya Jumatano na nimekubaliwa. Mama nimemsomea maneno ya dada Tunu. Amenyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mzazi aliye arobaini hatembelewi na kila mpita njia, na kwamba yeye atasimama mbali, miwani anayo.