Mjadala: Riba za benki zirudishiwe ukomo wa kisheria?

Mwanzisha mada: Septemba 2016 Kenya iliweka ukomo: riba ya mkopo isizidi pointi 4 za asilimia juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu. Novemba 2019 ukafutwa. Kila benki zinapotangaza faida nono, watu wanadai urudi. Mnasemaje?

Kipimo: Usirudi. Kiwango cha Benki Kuu kilipokuwa 10%, mkopo ghali kabisa ulikuwa 14%. Sheria ilitaka akaunti za akiba zilipwe angalau 70% ya kiwango hicho, yaani 7%. Gharama za kuendesha tawi, tuseme 4%. Kwenye ile 14 zinabaki 3. Kundi la wakopaji ambalo katika kila shilingi 100 zinazokopeshwa zaidi ya 3 hazirudi, ni hasara tupu. Mama wa duka asiye na hati ya kiwanja yumo humo. Benki ikinunua hati fungani, yaani ikiikopesha serikali, ililipwa 12 hadi 13% bila kumfuata mdaiwa. Ukuaji wa mikopo ya sekta binafsi ulishuka hadi karibu 2% mwaka 2017.

Mizani: Ndugu, hiyo 7% umeitoza fedha yote, ilhali amana nyingi ziko kwenye akaunti za hundi zisizolipwa riba. Na ukuaji wa mikopo ulianza kuporomoka kabla ya sheria.

Kipimo: Nakubali. Weka 4% badala ya 7, zinabaki 6. Mama wa duka bado yuko ukingoni. Tena akaangukia mkopo wa simu: "ada" ya 7.5% kwa siku 30 haikuhesabiwa kuwa riba. Sh 10,000 ikihuishwa kila mwezi kwa mwaka mzima inakula Sh 9,000. Aliyenufaika na ukomo ni mwenye mshahara.

Mtandika Jamvi: Tanzania ilipita kwingine. Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza Sh trilioni 1 za kuzikopesha benki kwa 3%, nazo zikopeshe kwa riba isiyozidi 10%. Benki inayokopesha kilimo kwa kiwango hicho ikaahidiwa nafuu kwenye amana ya lazima inayoweka Benki Kuu. Huo ndio wajibu wa kijamii wenye hesabu ya biashara ndani yake. Naupa uzito kuliko madawati yanayogawiwa mbele ya kamera. Tatizo ni nani anaitwa mkulima. Mnunuzi wa korosho na mwenye ekari 2 wakiwekwa safu moja kwenye ripoti, fedha zitamfuata mnunuzi. Na mwenye ekari 2 akipangiwa marejesho ya kila mwezi, huku anavuna mara moja kwa mwaka, ameshashindwa kabla mvua haijanyesha.

Mizani: Basi tuanze na bei kusemwa wazi. Mkopo wa Sh milioni 1 kwa miezi 12, "riba 18%" ikipigwa kwenye deni la mwanzo, ni rejesho la Sh 98,333 kwa mwezi. Ukihesabu kwa salio linalopungua, hiyo ni karibu 32%. Ukomo wowote usiotaja njia ya hesabu na ada zote, benki itaupita mchana kweupe.

Kipimo: Hilo naliunga mkono, ila namba hiyo unayoitaka iandikwe kwenye mkopo wa simu pia.